Kodi ya mkupuo ni mrija, tuukate

Apitaye katika mitaa ya Dar es Salaam, iwe Sinza au Mbagala, Tabata au Manzese, hakosi kuviona vibao vilivyopigiliwa misumari kwenye nguzo na kwenye miembe: chumba kinapangishwa, chumba na sebule, nyumba nzima, na chini yake nambari ya simu ya dalali. Kwa macho ya mgeni vibao hivyo ni dalili ya neema, kwamba nyumba zipo tele na atakaye na aingie. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini mfanyakazi wa mji huu anajua kwamba mlango wenyewe haufunguki kwa ufunguo. Hufunguliwa kwa kitita cha fedha ambacho wengi wa wavuja jasho hawajapata kukishika mkononi kwa siku moja tangu wazaliwe.

Kitita hicho huitwa kodi ya miezi sita. Kwa wengine huitwa kodi ya mwaka. Hulipwa yote kwa pamoja, kwa mkupuo, kabla mpangaji hajaingiza hata mkeka wake ndani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba desturi hii, ambayo tumeizoea kiasi cha kudhani kuwa ni amri ya maumbile kama mvua na jua, ni unyonyaji mtupu, na kwamba Chama kinachojiita cha wakulima na wafanyakazi hakina haki ya kuendelea kuifumbia macho.

Tufanye hesabu, maana unyonyaji hupenda kujificha mahali pasipofanywa hesabu. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Hilo ni jambo la kushukuru. Tuchukue basi mhudumu wa ofisi anayelipwa mshahara huo, na tuseme amepata chumba kimoja cha shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa mwezi anaweza kukimudu, japo kwa kujibana. Lakini mwenye nyumba hataki ya mwezi. Anataka ya miezi sita, yaani shilingi 600,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, shilingi 100,000. Kabla ya hapo mhudumu huyu amekwisha kutoa fedha ya kuonyeshwa vyumba, ambayo hairudishwi hata akionyeshwa vyumba kumi visivyofaa. Jumla ni zaidi ya shilingi 700,000, nayo inatakiwa leo, si mwisho wa mwezi. Mshahara wake wote wa mwezi mzima, asile, asipande daladala, asimnunulie mtoto daftari, hautoshi kumwingiza katika chumba kimoja.

Je, atazipata wapi? Atakwenda kwenye kikoba akope. Atamwomba mjomba kijijini auze mbuzi. Na hao wakishindwa, atakwenda kwa wakopeshaji wa mitaani ambao wananchi wenyewe wamewapa jina linalowastahili: kausha damu. Atarudisha fedha hizo pamoja na riba, juma kwa juma, na kabla hajamaliza kulipa deni la miezi sita ya kwanza, miezi sita ya pili imekwisha kubisha hodi.

Mpangaji ni benki isiyodai riba

Sasa tumtazame mwenye kupokea. Tuchukue nyumba ya vyumba sita, tatu upande huu wa ukumbi na tatu upande ule, na uani choo na bafu, yaani nyumba ya Kiswahili kama zilivyojengwa kwa maelfu katika mji huu. Wapangaji sita wanapolipa kila mmoja shilingi 600,000, mwenye nyumba anashika shilingi 3,600,000. Fedha hizo hajazitolea huduma bado. Miezi sita ambayo amelipwa haijaja. Kwa lugha iliyo wazi, amekopeshwa. Na amekopeshwa na nani? Na muuza mboga, na kibarua wa kiwandani, na askari mgambo, na mama lishe.

Mwenye nyumba huyo angekwenda benki kukopa kiasi hicho hicho, angeulizwa dhamana, angeulizwa hati, angejaza fomu na angelipa riba. Mpangaji hamwulizi lolote. Hana dhamana anayoshika wala riba anayopata. Kwa mkopo huo wa bure mwenye nyumba hununua saruji na mabati, anainua nyumba ya pili, na katika nyumba hiyo ya pili anaingiza wapangaji wengine sita ambao nao watamkopesha ili ainue ya tatu. Baada ya miaka kumi anaitwa mtu mwenye juhudi na maarifa. Wapangaji waliomjengea wanaitwa watu wasiojua kuweka akiba.

Hapo ndipo ulipo ukatili wa jambo hili, na naomba msomaji alitazame kwa makini. Maskini anakopa kwa riba ili amkopeshe tajiri bila riba. Riba anayopaswa kulipa mwenye mali inalipwa na asiye na mali. Katika siku za Azimio la Arusha tulifundishwa kuutambua mrija popote ulipo, hata kama umepakwa rangi. Huu ni mrija usiopakwa rangi yoyote, unaonekana mchana kweupe, na sisi tunapita kando yake kila siku tukienda kazini.

Unyonyaji huo una upande wa pili ambao hauonekani katika hesabu za shilingi. Mpangaji ana silaha moja tu mbele ya mwenye nyumba, nayo ni uwezo wa kuhama. Anayelipa mwezi kwa mwezi, paa likivuja na mwenye nyumba akakataa kuliziba, anaweza kusema: mwezi ujao mimi simo. Aliyekwisha kulipa mwaka mzima hana la kusema. Shimo la choo lijae, maji yakatike, mlango wa uani uvunjike, fedha zake zimo mfukoni mwa mtu mwingine, na mtu huyo anajua. Ndiyo maana ziko nyumba katika mji huu zinazotozwa kodi ya nyumba nzuri na kutunzwa kama banda la kuku. Kodi ya mkupuo inamnyang'anya mpangaji fedha, kisha inamnyang'anya na sauti.

Mwandishi wa makala haya anasema anayoyajua. Tangu atoke Mlimani na shahada yake amehama mara tano, na mara moja kati ya hizo alihama kwa notisi ya juma moja, hali kodi yake ilikuwa imebakiza miezi miwili, kwa sababu mwenye nyumba alipata mpangaji wa kulipa zaidi. Stakabadhi hakupewa, kwa hiyo hakuwa na la kuonyesha mbele ya yeyote. Ikiwa hayo humpata mtu aliyesoma, anayeijua barabara ya kwenda kwenye baraza la ardhi na anayeweza kuandika barua ya malalamiko, yanampataje binti aliyetoka Singida juzi kuja kufanya kazi za nyumbani? Yanampataje mama mwenye watoto wanne na asiye na mume, ambaye kwanza huulizwa yuko wapi bwana wake, na akishajibu huambiwa chumba kimekwisha kupata mtu?

Tulikotoka

Wapo watakaosema kwamba hivi ndivyo mambo yalivyo mijini kote duniani, na kwamba mwenye mali yake hapangiwi. Kwa watu hao yafaa tukumbushane historia, maana taifa linalosahau lilikotoka huuzwa mara mbili.

Wakoloni waliugawa mji huu kwa rangi za watu. Palikuwa na Uzunguni penye bustani na upepo wa bahari, palikuwa na Uhindini penye maduka, na palikuwa na Uswahilini, ambako Mwafrika alipanga chumba katika nyumba ya udongo na kuambiwa ashukuru. Uhuru ulipopatikana, moja ya kazi za mwanzo za Serikali ilikuwa kuunda Shirika la Nyumba la Taifa, mwaka 1962, ili mwananchi wa kawaida naye apate nyumba ya kuishi mwanadamu. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Katika masharti ya uongozi lilisema waziwazi kwamba kiongozi wa TANU au wa Serikali hatakiwi kuwa na nyumba ya kupangisha. Kwa nini sharti hilo liliwekwa sambamba na lile la hisa katika makampuni na lile la mishahara miwili? Kwa sababu waliolitunga walijua kwamba kodi ya nyumba ni pato lisilotoka katika jasho la anayeipokea, na kwamba kiongozi anayeishi kwa pato hilo hawezi kumtetea anayelitoa.

Mwezi Aprili 1971 Bunge likapitisha Sheria ya Kutwaa Majumba. Majumba yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, ambayo wenyewe hawakuwa wakiishi ndani yake bali kuyapangisha, yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Hatua ile ilikuwa na makosa yake, na makosa hayo hayana budi kusemwa. Waliotwaliwa nyumba walikuwa wengi wao Waasia, na wamo miongoni mwao waliokuwa na jengo moja tu walilolijenga kwa akiba ya vizazi viwili. Wenye majengo yaliyopita umri wa miaka kumi hawakulipwa fidia. Wengi waliondoka nchini wakiwa na uchungu. Lakini swali lililoulizwa mwaka ule lilikuwa swali la haki, nalo halijapata jibu hadi leo: je, ni halali mtu mmoja kuishi kwa kodi ya wenziwe mia?

Mwaka 1984 ikatungwa Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, na chini yake mabaraza ya nyumba ambako mpangaji aliweza kumshitaki mwenye nyumba. Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1990 Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya Chama, iliyokutana Zanzibar, ililegeza masharti ya uongozi, na tangu hapo kiongozi akawa huru kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1995 Benki ya Nyumba, ambayo ilianzishwa ili mfanyakazi aweze kukopa na kujenga, ilifungwa. Na mwaka 2005 ile sheria ya 1984 ilifutwa.

Tuyatazame mambo hayo kwa pamoja. Benki iliyomwezesha mpangaji kuacha kuwa mpangaji ilifungwa. Sheria iliyomlinda akiwa mpangaji ilifutwa. Na kiongozi aliyetakiwa kusimama upande wake aliruhusiwa kuwa mwenye nyumba. Yote hayo yalitokea katika muda wa miaka kumi na mitano, na mji uliokuwa na watu wasiofika 400,000 wakati wa sensa ya 1967 ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022. Mwenye kushangaa kwamba leo mpangaji anadaiwa kodi ya mwaka mzima anashangaa bure. Tulimvua nguo moja baada ya nyingine, kisha tunamwuliza kwa nini anatetemeka.

Ardhi ni ya nani?

Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1958, kabla ya Uhuru, kijitabu alichokiita Mali ya Taifa. Alipinga mpango wa mkoloni wa kuwapa watu umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja, akieleza kwamba ardhi haikutengenezwa na mtu na kwamba thamani yake huongezwa na jamii nzima. Mwaka 1963 umilikaji wa namna hiyo ulifutwa kisheria, na hadi leo, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya nchi hii ni mali ya umma iliyo mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi.

Sasa tuipeleke hoja hiyo barabarani. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ni nani aliyeijenga barabara ile? Wananchi wote, kwa kodi zao na kwa mkopo ambao wao na watoto wao wataulipa. Lakini mwenye nyumba wa karibu na kituo, ambaye hakuchanga kokoto hata moja zaidi ya jirani yake, anaamka asubuhi na kukuta kwamba anaweza kupandisha kodi kwa sababu nyumba yake sasa iko karibu na usafiri. Mpangaji aliyeichangia barabara analipishwa mara ya pili kwa kuishi karibu nayo, na akishindwa anasukumwa mbali zaidi, Mbezi kisha Kibamba, mpaka anafika mahali ambapo barabara haijafika. Thamani iliyotengenezwa na umma imeingia katika mfuko wa mtu mmoja.

Hata kodi ya majengo imeufuata mkondo huo huo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Ni njia nyepesi ya kukusanya, na Serikali inahitaji mapato. Lakini anayekatwa ni yule anayenunua umeme, na katika nyumba ya kupanga aghalabu anayenunua umeme ni mpangaji. Kodi ya mwenye jengo inalipwa na asiye na jengo, naye akitaka arudishiwe inambidi amwombe mtu yule yule ambaye kesho anaweza kumwambia afungashe.

Hoja za wenye nyumba

Haki inatudai tuzisikilize hoja za upande wa pili. Ya kwanza ni kwamba wapangaji hutoroka na kodi, hivyo mkupuo ni kinga. Kweli wapo wanaotoroka. Lakini kinga ya hasara ya mwezi mmoja ni amana ya mwezi mmoja, iwekwe kwa maandishi na irudishwe mpangaji akiondoka bila deni. Anayedai miezi kumi na miwili kwa kuogopa kupoteza mmoja anatafuta mtaji na kuupa jina la kinga.

Ya pili ni kwamba wapo wenye nyumba maskini, kama mjane wa Manzese mwenye vyumba viwili vya kupangisha, ambavyo ndivyo vinavyomlisha. Nakubali kabisa. Mama huyo si adui wa mtu, naye hatakiwi kuwekwa fungu moja na tajiri mwenye nyumba kumi anayetuma mtu kukusanya. Lakini hata mjane huyo anafaidi nini na mkupuo? Akipokea ya mwaka mwezi Januari, mwezi Juni hana kitu, naye anaanza kukopa. Kodi ya kila mwezi ni mshahara kwake. Mkupuo unamfaa yule ambaye tayari ana cha kula na anatafuta cha kujengea.

Ya tatu ni nzito zaidi, nayo hutolewa na wataalamu. Wanasema udhibiti wa kodi huua ujenzi, na mfano wanao. Nyumba za umma zilipangishwa kwa kodi ndogo mno kwa miaka mingi, fedha za matengenezo zikakosekana, rangi zikababuka na lifti zikafa. Wako wapangaji wa nyumba hizo, Upanga na Kariakoo, waliogeuka makabaila wadogo kwa kuzipangisha kwa watu wengine kwa bei ya soko, wakalipa kidogo kwa umma na kupokea kingi kwa siri. Huo ni ukweli, na mwana Chama anayeuficha hamsaidii mtu. Lakini ninachodai hapa si kuigandisha kodi mahali pamoja. Mwenye nyumba na mpangaji wapatane bei yao kulingana na nyumba ilivyo. Ninachodai ni kwamba bei ya mwezi ilipwe kwa mwezi. Hakuna nyumba itakayoacha kujengwa kwa sababu mwenyewe amelipwa kila mwezi, kama vile hakuna kiwanda kilichofungwa kwa sababu wafanyakazi wake hawakukubali kufanya kazi mwaka mzima kabla ya kulipwa.

Yatupasa pia kujifunza kwa wenzetu, ili tusidhani kwamba karatasi peke yake itatuokoa. Ghana, katika siku za Kwame Nkrumah, ilitunga Sheria ya Kodi za Nyumba ya mwaka 1963, ambayo inamkataza mwenye nyumba kudai zaidi ya miezi sita kwa mkupuo. Sheria hiyo haikufutwa kama ya kwetu. Hata hivyo katika mji wa Accra ni jambo la kawaida mpangaji kudaiwa ya mwaka mmoja, hata miwili. Sababu haihitaji kutafutwa mbali. Nyumba ni chache, wenye shida ni wengi, na mpangaji anayekwenda kushitaki anajua kwamba nyuma yake wamesimama wengine ishirini walio tayari kulipa na kunyamaza. Sheria isiyo na msimamizi, na isiyoambatana na ujenzi wa nyumba, ni mbwa asiye na meno.

La kufanya

Kwa hiyo madai yetu yawe mafupi na ya wazi, yaweze kusomwa katika mkutano wa tawi na kueleweka na kila mtu.

Kwanza, itungwe sheria ya upangaji itakayotamka kwamba kodi ya nyumba ya kuishi italipwa kila mwezi, na kwamba amana haitazidi kodi ya mwezi mmoja.

Pili, kila upangaji uwe na mkataba wa maandishi katika Kiswahili, wenye muda wa notisi unaoeleweka, na kila malipo yawe na stakabadhi. Nakala moja ihifadhiwe katika ofisi ya Serikali ya mtaa. Mjumbe wa mtaa anamjua kila anayeingia na kutoka, na shughuli hii haihitaji jengo jipya wala gari.

Tatu, ujira wa dalali ulipwe na aliyemtuma, yaani mwenye nyumba, na fedha ya kuonyeshwa vyumba ipigwe marufuku. Haiwezekani mtu atozwe kwa kuangalia.

Nne, yapatikane mabaraza ya upangaji katika ngazi ya kata, yenye kuamua haraka na bila gharama. Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya yaliyowekwa na sheria ya mwaka 2002 yana mashauri ya viwanja na mipaka ya kuwatosha. Mpangaji aliyetolewa vitu vyake nje usiku hawezi kungoja miezi.

Tano, na hili ndilo msingi wa mengine, tujenge. Machi 2022 zilizinduliwa nyumba za Magomeni Kota kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi mahali hapo kabla ya kota za zamani kubomolewa. Kazi ile imethibitisha kwamba umma ukiamua kujenga kwa ajili ya watu wa kawaida, katikati ya mji, unaweza. Lakini kaya 644 katika mji wa watu zaidi ya milioni tano ni tone baharini. Nyumba za umma zinapojengwa lazima zijengwe kwa ajili ya mpangaji wa chumba kimoja. Tukumbuke Sinza na Kijitonyama. Katika miaka ya 1970 viwanja vilipimwa kule kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, navyo vilikusudiwa watu wa kipato cha chini. Leo mtu wa kipato cha chini anaingia Sinza kama mpangaji, wala si kama mwenye kiwanja. Mwenye nacho alikuja nyuma yake, akamnunua.

Nimeacha la mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndilo gumu kulisema katika ukurasa huu. Madai haya hayatakwenda popote ikiwa wanaotakiwa kuyapitisha ndio watakaopunguziwa pato kwayo. Tangu mwaka 1991 si kosa kwa kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha, nami sidai kwamba kila aliye nazo ni mwizi. Lakini mwananchi ana haki ya kuuliza. Diwani anayesimama kuzungumzia kodi za nyumba, ana vyumba vingapi, na anadai ya miezi mingapi? Mbunge atakayepiga kura, yeye ni mpangaji au ni mwenye nyumba? Tusiombe warudishiwe sharti la 1967 kama hatuna nguvu hiyo. Tuombe lililo dogo: kila kiongozi mwenye nyumba ya kupangisha aanze yeye, mwezi huu, kupokea kodi ya mwezi kwa mwezi. Asingoje sheria. Mwalimu aliandika Tujisahihishe mwaka 1962, wakati Chama kilikuwa bado kichanga na makosa yake machache. Sasa ni kizee, na makosa ya wazee huigwa na watoto.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwenye nyumba, naye, hamjui mpangaji isipokuwa siku ya kodi. Chama kilizaliwa kwa watu waliopanga vyumba Kariakoo, Ilala na Magomeni, waliokutana katika kumbi na barazani kwa sababu hawakuwa na ofisi. Wajukuu wa watu hao wangali wamepanga vyumba, katika mitaa ile ile au mbali zaidi, nao leo wanahesabu siku zilizobaki kabla ya miezi sita kwisha. Hawaombi nyumba ya bure. Wanaomba kulipa kwa mwezi kile wanachokipata kwa mwezi.